Elimu ya Bahari Ilivyopanda Kinole

Wajukuu zangu, juzi walinijia hapa barazani walimu wawili vijana, mashati meupe, kalamu mfukoni, wakabishana mbele yangu mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema elimubahari ni habari za samaki na uvuvi. Mwenzake akasema hata kidogo, ni unahodha, kujua kuendesha vyombo. Mwisho wakanigeukia: "Babu, wewe ulikuwa mkalimani tangu enzi za Mjerumani. Hebu tuamulie." Nilicheka sana. Mimi ni mtu wa Morogoro, nimezaliwa nikiitazama milima ya Uluguru, na bahari yenyewe niliiona nikiwa na mvi tayari. Lakini neno hilo, kabla watu wa vitabu hawajaliunganisha likawa moja, nililibeba mdomoni mwangu mpaka Kinole, huko milimani, na hakuna neno lililonitoa jasho kama lile. Vijana wale walikuwa na haraka ya kuwahi gari, wakaondoka bila jibu. Ninyi hamna pa kwenda, mvua inanyesha, kwa hiyo jibu mtalisikia ninyi.

Kazi ya ukalimani nilifundishwa bomani na Mzee Feruzi, mtu wa Bagamoyo, mkalimani mkuu wa wakati huo. Alikuwa mfupi, mnene, mpenda ugoro, na adui yake mkubwa duniani alikuwa baridi ya milimani. Akiambiwa kuna safari ya kupanda Uluguru, anaanza kupiga chafya tukiwa bado mjini. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na lugha tatu: Kiswahili cha baba, Kijerumani cha shule, na Kiluguru cha mama yangu, aliyezaliwa huko juu. Mzee Feruzi Kiluguru alikisikia vizuri, ila kukisema ulimi ulimgomea.

Kabla yangu palikuwa na kijana mmoja hodari wa kujibu haraka. Afisa mpya alimuuliza shikamoo maana yake nini. Kijana akajibu bila kumeza mate: "Maana yake, nashika miguu yako." Basi tangu siku hiyo kila mtu akimwamkia, yule afisa anaruka nyuma na kuficha buti zake chini ya meza. Watu wakaanza kunung'unika kwamba Bwana ana majivuno, hapokei salamu. Mzee Feruzi ndiye aliyemaliza mambo. Alimwambia, "Bwana, hilo ni neno la mdogo kumheshimu mkubwa. Hakuna atakayekugusa." Buti zikatoka chini ya meza, na watu wakaitikiwa salamu zao.

"Umeona?" Mzee Feruzi aliniambia, huku akigonga kikopo chake cha ugoro. "Neno usiliulize limezaliwa na nani. Liulize linafanya kazi gani kwa watu."

Alinifundisha na mengine, nami nawapa bure. Mkalimani asimame kando, asisimame katikati, maana ukikaa katikati wanaanza kukutazama wewe badala ya kutazamana wao. Asitafune kitu. Asikate maneno ya mtu wa mlimani, kwa sababu Mluguru akitaka kukuomba chumvi huanzia kwenye habari ya bibi yake. Na la mwisho, ambalo Mzee Feruzi alilirudia mpaka nikaliota: usiongeze sukari wala usipunguze chumvi. Mtu akisema maneno machungu, yapeleke machungu vilevile, nawe usitie la kwako. Hilo ndilo gumu kuliko yote, nanyi mtaona kwa nini.

Sasa, reli ilikuwa imeshafika Morogoro, bado inang'aa upya, na kila treni ilitushushia Mzungu wa namna yake. Kuna waliokuja kwa katani, kuna waliokuja kutafuta ulanga, yale mawe yenye magamba ya kung'aa. Siku moja akashuka mmoja mrefu, mwembamba, ana ndevu za rangi ya mahindi na miwani inayoteleza puani. Akasema anataka kwenda Kinole na chini yake, kwenye mabonde yanayoelekea mto Ruvu. Mzee Feruzi akamuuliza kazi yake. Akasema, "Meereskunde."

Mzee Feruzi akanitazama, nami nikamtazama. Neno hilo tulilielewa kila pande lake: bahari, na elimu. Lakini mtu wa elimu ya bahari anatafuta nini Uluguru?

"Bwana amepotea njia," Mzee Feruzi alinong'ona. "Alitakiwa abaki Dar es Salaam."

Kumbe hakupotea. Ila mizigo yake ndiyo iliyotupa taabu. Katika mizigo hiyo mlikuwa na kamba ndefu iliyoviringwa, na donge la risasi refu kama mchi mdogo, zito ajabu. Mzee Feruzi alipoliona alipiga makofi kwa furaha, maana ni kitu cha kwao. "Hii ni bildi!" akasema. Mabaharia huishusha majini kupima kina, na chini yake ina tundu linalopakwa mafuta, ili likigusa chini lipande na mchanga wa huko, watu waujue. Wapagazi hawakupiga makofi. Walilibeba donge lile kwa zamu tangu bondeni, wanateleza, wanalaani, na kila tukipumzika mmoja anauliza, "Tumwambie ukweli kwamba juu hakuna bahari, au tumwache ajionee?"

Tulipofika kwenye kidimbwi kimoja chini ya maporomoko, Bwana akafungua kamba, akashusha bildi. Ikagota papo hapo, tap. Akainua, akatazama mchanga ulioganda kwenye mafuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga kamba. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Na yeye akacheka nao, ingawa hakujua wanachekea nini. Hapo ndipo alipopata jina, Bwana Bildi, na hapo ndipo mimi nilipoanza kumpenda.

Alichokifuata kilikuwa genge la mawe, ukuta wa mwamba wa rangi ya majivu, chini kidogo ya Kinole, mahali ambapo watu wa misheni walimwambia kuna mawe yenye maumbo. Alikuwa na barua ya boma na askari mmoja, na akida, msimamizi aliyewekwa na boma, alikuwa ameshatuma neno kwamba achimbe tu, asimuulize mtu. Mzee Feruzi, aliyejifunga blanketi mpaka masikioni, akasema, "Bwana, akida halimi hapa. Tuulize wenyewe." Bwana akakubali, tukapiga hodi.

Aliyetupokea alikuwa mama mzee, Bibi Kobelo, mkavu, mnyoofu, ana kikohozi kilichomtikisa mabega. Kando yake alisimama mwanawe, Mkude, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuchanganyika na mvi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtaja mama. Uso wake ukafunguka, akaniuliza hali ya watu waliokufa kabla sijazaliwa, na mimi nikajibu niwezavyo. Halafu akamtazama Bwana juu mpaka chini.

"Na huyu mrefu?"

Hapo ndipo neno lilipoanza kunitoa jasho. Ningesema fundi wa mawe, wangedhani ni mtu wa ulanga, amekuja kuwafukuza. Ningesema baharia, ningekuwa nimesema uongo, maana hajui hata kutweka tanga. Nikasema kama lilivyo, kwa Kiluguru: "Bibi, huyu ni mtu mwenye elimu ya bahari."

Mkude alimshika mama yake mkono. Nikakumbuka, lakini neno lilikuwa limeshatoka, kwamba huko mlimani bahari haikuwa maji. Zamani, kabla ya Mjerumani, watu walishukiwa na wateka watumwa, wakafungwa, wakateremshwa pwani, wasionekane tena. Mtu akisema fulani yuko baharini, watu hushusha macho.

Bibi Kobelo alisema, "Mwambie ardhi hii ina mwenyewe. Mwenyewe ni Lukwele, kaka yangu. Hayupo."

"Yuko wapi?" Bwana akauliza.

"Baharini. Na kama yeye ndiye mwenye elimu ya bahari, aniambie alipolala."

Niwaeleze hapa, ninyi wa mjini msije mkapotea. Kwetu ukoo, ambao tunauita lukolo, unafuata upande wa mama, na mkubwa wake ni mjomba. Ukoo wa Bibi Kobelo huongozwa na mwenye jina la Lukwele. Yeye ndiye anayegawa mashamba na kusuluhisha ugomvi. Kaka yake alikuwa amepewa jina hilo akiwa kijana tu, na mwaka huohuo akatekwa. Habari iliyorudi ni kwamba chombo walichopakiwa kilizama mbele ya miamba, na yeye ndani yake. Jina likazama naye. Mkude ndiye aliyestahili kulirithi, lakini jina halirithiwi mpaka mwenyewe aliliwe, na katika ukoo wao aliyefia mbali haliliwi mpaka uletwe udongo wa pale alipolala, uzikwe badala yake. Ndugu zake waliwahi kumletea Bibi Kobelo mchanga wa pwani, umefungwa kitambaani vizuri. Akaukataa. Aliuliza, "Huu mmeutoa wapi?" Wakasema ufukweni. Akasema, "Kaka yangu hakuachwa ufukweni." Wakaondoka na mchanga wao.

Kwa hiyo vijana wa ukoo walioa wakakosa mashamba, majirani wakasogeza mipaka, na Mkude akaota mvi ndevuni akisubiri. Yote hayo Bibi Kobelo aliyajua. Lakini aliniambia, akikohoa, "Mjukuu wangu, mimi ndiye wa mwisho niliyeujua uso wake. Nikifa mimi, nani atamlilia? Na nikimlilia kwa udongo wa uongo, nitakuwa nimemtupa mara ya pili."

Nilimpelekea Bwana maneno hayo yote, chumvi yake yote. Alivua miwani, akaifuta.

"Mwambie pole," akasema. "Lakini kazi yangu ni maji, chumvi na makombe ya viumbe wa baharini. Watu siwajui."

Nikapeleka. Bibi Kobelo akamwuliza, "Sasa elimu yako ni ya kazi gani?" Bwana alirudi hemani ameinamisha kichwa, na siku hiyo hakula.

Kesho yake, jua lilipotoka, tukamkuta Bibi Kobelo ameketi juu ya mkeka mbele ya genge. Kuchimba hapachimbiki. Askari akaniuliza amwondoe? Bwana akamfokea kwa Kijerumani kikali nisichohitaji kukitafsiri, askari akaenda kukaa mbali. Bwana akaanza kuokota mawe yaliyoanguka yenyewe kijitoni, siku hiyo na zilizofuata, anayasugua kwa brashi, anayapanga. Bibi anamtazama. Mkude akija na mihogo ya kuchoma, bibi anamgawia na mgeni wake. Hasira zake hazikuwa za njaa. Bwana naye akampa dawa ya kikohozi, bibi akainusa, akamrudishia, akasema aionje yeye kwanza. Wakawa wanatazamana namna hiyo, kama wakwe.

Siku moja Bwana akamwendea na jiwe kiganjani. Ndani yake mlikuwa na kombe zima, mistari yake inahesabika.

"Hao tunawajua," Bibi Kobelo akasema. "Konokono wa mizimu. Watoto tunawakataza kuwachezea."

"Huyu hakuishi nchi kavu," Bwana akasema. "Ni wa baharini. Hapa tulipokaa palikuwa chini ya bahari. Genge hili ni matope ya chini ya bahari, yalikauka yakawa jiwe."

Nilitafsiri polepole. Bibi Kobelo akalishika lile jiwe kwa mikono miwili. Akauliza, "Lini?"

Bwana akasema, "Zamani mno. Kabla hapajakuwa na mtu hata mmoja duniani."

Wajukuu zangu, nilisita. Niliona uso wa yule mama, niliona ulivyoanza kuamka, na nilijua neno hilo la pili linaweza kuuzima. Nani angejua nikilimeza? Nyuma yangu, ndani ya blanketi, Mzee Feruzi akakohoa. Hakuwa na kikohozi. Nikameza mate badala ya neno, nikalisema lote: zamani mno, kabla hapajakuwa na mtu.

Bibi Kobelo alilizungusha lile kombe. Halafu akauliza, "Bahari hiyo ya zamani na ile iliyomchukua kaka yangu, ni mbili au ni moja?"

Bwana alikuwa amesimama. Akaketi chini, kwenye udongo, na suruali yake safi. Sikuwahi kumwona akifikiri vile, hata mbele ya mawe yake.

"Mwambie hivi," akasema. "Bahari ina majina mengi kwa sababu watu ni wengi. Maji yake ni mamoja. Yanazunguka dunia, yanakutana, hakuna ukuta. Yalipoondoka hapa hayakwisha, yalikwenda mahali pengine. Na huko chini kazi ni ileile mpaka leo. Makombe yanakufa, yanashuka, matope yanayafunika."

"Umeyaona hayo matope kwa macho yako?"

"Nimeyapandisha kwa bildi. Nimeyashika kwa mikono hii."

"Basi unajua kaka yangu alipo."

"Sijui alipo," Bwana akasema. "Hakuna ajuaye, na atakayekuambia anajua ni mwongo. Lakini udongo unaomfunika naujua. Ni huu."

Bibi Kobelo akanigeukia. "Hayo ni yake au ni yako?"

"Ni yake, bibi. Mimi ni mdomo tu."

Akaitikia kwa kichwa. Akamwambia Mkude, "Lete jembe." Mkude akataka kumchimbia, bibi akamsukuma kando. Akachimba mwenyewe chini ya genge, pale mawe yanapomomonyoka, akikohoa, akatoa udongo wa majivu wenye vipande vya makombe, akaufunga katika upande wa kaniki yake. Halafu akalia. Mzee Feruzi alilia pia, akasingizia baridi.

Hiyo ndiyo elimubahari, wajukuu zangu, na walimu wale wakirudi waambieni. Mvuvi anaitaka bahari samaki. Nahodha anaitaka njia. Mwenye elimubahari anaiuliza habari zake: kina chako ni kipi, chumvi yako ni kiasi gani, chini umelaza nini, ulikuwa wapi kabla ya hapa. Na kama ni mtu mwema, asilolijua husema halijui. Bwana Bildi alichimba baadaye, kwa ruhusa, akapata makombe yake, akateremka nayo mpaka relini akiimba. Lakini mimi nikilisikia neno hilo namwona ameketi kwenye udongo na suruali yake safi.

Kabla hajaondoka, matanga yakatangazwa. Watani wa ukoo walikuja toka mabonde ya mbali, na mnajua watani kwenye msiba hawana adabu, ndiyo kazi yao. Walipiga kelele, walimwigiza marehemu akirudi amelowa, anadai wali wake uliopoa miaka yote hiyo, na wafiwa wakacheka huku machozi yanatoka. Udongo ulizikwa kwa heshima zote za mtu. Siku ya kunyoa, watani wakasema aliyeuonyesha udongo ni mfiwa, hawezi kuondoka na nywele zake. Nikamweleza Bwana. Akavua kofia, akaketi mstarini. Mtani mmoja alimnyoa na ndevu zile za rangi ya mahindi, akatoka hapo kichwa chekundu kama nyanya, na askari wake hakujua apige saluti au acheke.

Kisha Mkude akaketishwa kwenye kigoda, akapakwa unga kipajini, akapewa jina. Kwetu anayerithi jina hamfuati marehemu, anakuwa yeye. Wadogo watamwita mjomba, na dada wa marehemu atamwita kaka, hata kama ni mtoto wa tumbo lake. Wote tukasubiri, maana wa kwanza kumwamkia ni dada. Bibi Kobelo akasogea, kichwa chake kimenyolewa kinang'aa, akapiga magoti mbele ya mwanawe. Akamtazama usoni.

"Kaka," akasema, "umechelewa."

Mkude akainama, akamshika mabega.

"Nilikuwa mbali, dada. Sasa nimefika."